Nyumba Ipo, Wenyewe Ndio Kazi

Ukitaka kujua Chake Chake ina washauri wangapi, sema barazani kwamba unatafuta nyumba ya kununua. Sema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Kahawa yako haijapoa, ami aliyekaa pembeni keshakwambia usinunue bondeni, jirani yake keshakwambia usinunue kilimani, na mzee ambaye hata humjui keshauliza una shilingi ngapi. Ukimjibu atacheka. Usipomjibu atasema vijana wa siku hizi wana kiburi. Wa kukukopesha hata nauli ya kwenda kuitazama hiyo nyumba hatokei.

Miye nimepanga Machomanne mpaka mama mwenye nyumba ananiita mwanangu, na akiniita hivyo najua kodi inapanda. Kwa hiyo nimo kwenye msako wa kupata pangu. Watu husema ugumu wa kununua nyumba ni pesa. Pesa ni ngumu, sikatai, lakini hapa Pemba pesa unaweza kuwa nayo mfukoni, nyumba ukaiona kwa macho yako, na bado ukakosa mtu mwenye haki ya kukuuzia.

Dalali hilo hakwambii. Dalali ana lugha yake, na mnunuzi mgeni lazima ajifunze. Akisema nyumba "ina umeme", ana maana nguzo inaonekana ukisimama mlangoni. Umeme wenyewe ulikuja kutoka Tanga mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ukavuka mkondo wote wa Pemba salama, kisha ukashindwa na hizo hatua chache za kutoka nguzoni hadi kwenye nyumba anayokuuzia yeye. Akisema "maji yapo", bomba ndilo lipo. "Karibu na barabara" ni karibu kwa mtu mwenye magoti mazima. Na "bei inazungumzika" ni kweli tupu: mtazungumza mpaka adhuhuri, na bei itabaki pale pale.

Kuna nyumba dalali mmoja alinipeleka upande wa Wawi, imepakwa rangi mpya, inanukia. Sebuleni pametundikwa kalenda ya mwaka uliopita, tena chini, usawa wa kiuno. Nikajiuliza nani husoma kalenda akiwa ameinama. Nikaiondoa. Nyuma yake ufa umeshuka kutoka dirishani mpaka sakafuni, kidole kinaingia. Dalali akautazama ufa, akanitazama miye, akasema, "Huo wa zamani, yakhe." Utadhani ufa nao ukizeeka hustaafu.

Ndiyo maana nasema nyumba ya Pemba itazamwe masika, kati ya Machi na Mei, na itazamwe mvua inanyesha. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, na maji ya aliye juu lazima yapite kwa aliye chini. Muuzaji anayekuita Januari, uani pakavu, hana ubaya, ila ana hesabu zake. Vaa viatu vibovu, uende siku ambayo hukualikwa, usimame chini ya bati usikilize. Kisha tazama ukuta kwa nje, pale chini. Ukiona mstari mwekundu unaofika magotini, huo ni udongo wa masika iliyopita umeacha alama ya ulipofika. Na kama nyumba ni ya fito na udongo chini ya plasta ya saruji, gonga. Ikikujibu kwa sauti ya kopo tupu, mchwa wameshahamia kabla yako.

Lakini ufa unazibwa. Mchwa wanatiwa dawa. Mrithi hana dawa.

Nilipata nyumba Tibirinzi, vyumba vinne, kisima kizuri, mnazi mmoja. Mwenyewe bwana mpole, kanikaribisha mkekani, kaniita sheikh, bei tumeelewana. Tunazungumzia malipo ya awali, akaingia dada yake. Akavua viatu polepole, akakaa ukingoni mwa mkeka, akapokea kikombe cha kahawa, akakiweka chini bila kukinywa. Akauliza, "Nyumba ya baba mnamuuzia nani?" Yule bwana mpole ghafla akaanza kutafuta miwani yake.

Kumbe mzee wao alikufa zamani na mirathi haijagawiwa. Hapo ndipo mnunuzi wa Pemba anapotakiwa kujua hesabu kuliko fundi. Marehemu kaacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Mke ana thumni yake. Kinachobaki, wa kiume anachukua mafungu mawili kwa kila fungu moja la wa kike. Igawe nyumba mafungu 32: mama 4, kila binti 7, kijana 14. Bwana aliyekuwa ananiuzia nyumba nzima, mlango na madirisha, alikuwa na mafungu 14 katika 32. Hata nusu haifiki. Mnazi wote hana, sembuse kisima.

Na hapo tumehesabu wepesi. Mama naye ameshafariki. Binti mmoja amefariki, kaacha mume na watoto, na mmoja wa watoto hao yuko Muscat, hajaiona nyumba tangu anatambaa, lakini ana uchungu nayo kuliko wote. Kila jioni anatuma ujumbe wa sauti kwamba mali ya babu haiuzwi. Ukimuuliza nani atatengeneza bati, ujumbe wa sauti hauji.

Kwa hiyo, wewe unayenunua kwa mara ya kwanza, kabla hujauliza vyumba vingapi, uliza aliyeijenga yuko wapi. Akiwa hai, mshike mkono. Akiwa marehemu, ulizia kama mirathi imefunguliwa kwa Kadhi au imepita Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na uione karatasi yenyewe. "Sisi ndugu tunaelewana" si karatasi. Ndugu huelewana mpaka pesa itoke mfukoni.

Ukishavuka kwa warithi, kuna miti. Mtu wa bara ukimwambia habari hii anadhani unamtania. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali tangu Mapinduzi ya 1964, na sheria ya ardhi ya 1992 ikaweka utaratibu wa nani anapata haki ya kuitumia. Unachonunua wewe ni nyumba na haki ya kukaa pale ilipo. Mti ulioota hapo unaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa. Ule mkarafuu ulioupenda kwa kivuli chake ni wa shangazi yake muuzaji, aliyeko Wete. Msimu ukifika utaamshwa alfajiri na kelele za wachumaji. Shangazi ataingia na majamvi yake, ataanika karafuu kwenye ua ulioununua kwa jasho lako, na akiondoka atakwambia, "Mwanangu, mvua ikija uzianue." Utaanua. Nani atamkatalia mtu mzima? Karafuu zikikauka zinakwenda ZSTC, shirika la Serikali linalozinunua, pesa inakwenda Wete. Wewe unabaki na harufu, na akiwa na roho nzuri atakuachia makonyo.

Hilo nalo liandikwe: mti upi umo kwenye mauziano na upi haumo, kwa idadi na kwa mahali ulipo. Na njia inayokatiza uani iulizwe ni ya nani, maana jirani anayepita hapo kwenda kisimani tangu utoto hatajifunza kuzunguka kwa sababu wewe umeweka geti.

Watu wa nje wakisikia Pemba swali lao ni moja, kama nyumba ina majini. Sijui. Ninachojua, jini halijawahi kuja na dada yake kudai fungu.

Habari ya benki nitaikatisha, maana inanipandisha presha. Mjomba wangu ameniapia kwamba nikikopa benki nimeingia kwenye riba na yeye hatakanyaga nyumba hiyo. Nikamweleza kwamba benki ya PBZ nayo ina huduma za Kiislamu, na kwamba katika murabaha benki hununua kitu kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Akasema hilo atalifikiria. Nikamwomba basi anikopeshe yeye, bila riba. Akasema na hilo pia atalifikiria. Bado anafikiria.

Halafu kuna karatasi ya mauziano. Nimeshaonyeshwa nyingi, na zote ni watoto wa mama mmoja: ukurasa uliochanwa katikati ya daftari la shule, wino wa buluu, jina la shahidi aliyekwisha kufa, na alama ya dole gumba ambayo yaweza kuwa ya yeyote. Karatasi hiyo ina kazi yake, lakini haitoshi. Mpitie sheha wa shehia hiyo, si wa unakoishi wewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani ameshauziwa kabla yako. Kisha uhaulishaji uende kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na umiliki usajiliwe kwa jina lako. Utaambiwa njoo kesho. Nenda hiyo kesho. Dalali atakwambia mambo hayo ni ya wasioaminiana, wakati tayari ameshachukua chake kwako na kwa muuzaji, kila mmoja kwa siri ya mwenzake.

Sasa naomba kwa heshima. Kama una nyumba Chake Chake, Wete hata Mkoani, mirathi imegawiwa, miti imehesabiwa, shangazi ameridhia na wa Muscat amenyamaza, nitafute. Ufa nitauziba mwenyewe. Dalali usije naye.