Nyota Mbili kwa Kitabu Ulichokesha Nacho

Nina ugomvi na wasomaji. Wasiosoma sina neno nao. Ukiwatajia kitabu wanakuuliza kama filamu yake imeshatoka, mnaagana kwa amani. Wanaonimaliza ni wale wanaosoma, tena mpaka jalada la nyuma. Wanakesha nacho, wanaunguza maharage kwa ajili yake, kisha wakishakifunika wanakuja sebuleni na sura ya hakimu: "Mh. Cha kawaida tu. Nakipa nyota mbili."

Safari hii aliyeniletea balaa ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, aliyekuja likizo na kitabu kimoja ndani ya begi. Ni cha Kelley Armstrong, mwandishi wa Kanada, kinaitwa The Summoning, cha mwaka 2008. Ningejua kwamba hicho ni mlango tu, na nyuma yake kuna The Awakening cha 2009 na The Reckoning cha 2010, vyote vitatu vikiitwa Darkest Powers, ningemwambia begi abaki nalo stendi.

Kisa chenyewe kinahusu binti wa miaka kumi na mitano, Chloe Saunders, anayetaka kuwa mwongozaji wa filamu. Siku moja shuleni anaanza kuona watu ambao wenzake hawawaoni, akiwemo mfanya usafi mwenye uso ulioungua, ambaye anamkimbiza kwenye korido. Walimu wanamkuta akipambana na hewa. Anafikishwa hospitali, kisha anapelekwa Lyle House, nyumba ya kutunzia vijana wenye matatizo ya akili, na kuanzishiwa dawa. Kumbe hana ugonjwa. Anaona wafu kweli, na akijisahau anaweza hata kuwanyanyua. Vijana wenzake pale ndani nao kila mmoja ana lake: yupo anayeroga, yupo anayegeuka mbwa mwitu, na nyuma yao wapo wataalamu wanaojiita Edison Group, waliochezea jeni za watoto hao kabla hawajazaliwa. Kuanzia hapo ni kukimbia na kufukuzwa hadi kitabu cha tatu.

Nimeeleza kwa aya moja. Nyumbani kwangu maelezo hayohayo yamechukua likizo nzima, kwa sababu kila aliyesikia ana maoni.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi, mtu wa Pangani. Yeye hajasoma hata ukurasa. Amesimuliwa vyote vitatu huku akichambua mchele, na maoni anayo kuliko waliosoma. "Mtoto anaona waliokufa," anasema, "na nyumba nzima hakuna mtu mzima wa kuwauliza wanataka nini? Aliyekufa haji bure. Ana haja yake. Wao wanakimbilia vidonge!" Kwa hesabu za mama, angekuwepo shangazi mmoja tu wa Tanga, hadithi ingekwisha sura ya pili, kwa ubani na kombe, na Bi Armstrong angetafuta kazi nyingine. Kilichomfurahisha ni kidani chenye jiwe jekundu ambacho Chloe alipewa na marehemu mama yake kimkinge na mazimwi. Mama aliweka ungo chini. "Si hirizi hiyo? Kumbe wanazo!" Tangu siku hiyo anavipa vitabu hivyo heshima kidogo.

Wa pili ni shemeji yangu wa Pemba. Huyo shida yake ni malazi. Alikuwepo kule mwaka 1995, yule shetani Popobawa alipotia watu kiwewe hadi familia zikawa zinatoa mikeka na kulala nje kwa makundi, moto umewashwa, hakuna anayetaka kuwa wa pembeni. Sasa anaambiwa kuna binti anayejua kabisa kwamba chumbani mwake kuna mzuka, na bado anazima taa na kujifunika shuka. "Huyo si mwoga," shemeji anasema, "huyo hajafundishwa." Nikamweleza kwamba hiki ni kitabu cha kusisimua, lazima mtu alale peke yake. Akaniambia hata kusisimuka kuna kiasi.

Halafu kipo kile chumba cha chini ya nyumba. Sijaona msomaji wa vitabu hivi asiyelalamikia chumba hicho. Mpwa wangu analalamika, rafiki yake analalamika, hata kijana anayetuletea maji na mkokoteni, akisubiri pesa yake mlangoni, aliuliza: "Sasa kule chini alifuata nini?" Usiku, giza, anasikia sauti inamwita, na binti anashuka ngazi. Wote wanakubaliana hana akili. Wote pia, nikiwauliza walifanya nini baada ya kuona anashuka, wanajibu kwamba walifungua ukurasa unaofuata haraka. Sasa jamani! Mnataka Chloe abaki juu anywe chai, apige mswaki, alale, asubuhi aamke apewe uji? Kitabu hicho kingekuwepo msingekinunua. Mnamtukana binti wa watu kwa kosa mlilomtuma wenyewe.

Nikifikiri nimepumua, inaingia habari ya timu. Mtakumbuka 2008 ndio mwaka kilipotoka kitabu cha mwisho cha mfululizo wa Twilight, dunia imegawanyika kati ya Timu Edward na Timu Jacob, mtu hawezi kupenda kitabu bila kutangaza mchumba. Darkest Powers nayo ikaingizwa kwenye ligi. Upande mmoja yupo Simon, mtanashati, mcheshi, mchoraji wa katuni. Upande wa pili yupo Derek, ndugu yake wa kulelewa pamoja, pande la mtu lenye chunusi, nywele za mafuta, harufu ya jasho, anayekula kama ametoka jela na hajui salamu ni nini. Huyo ndiye anayegeuka mbwa mwitu. Mpwa wangu ni Timu Derek. Rafiki yake wa nyumba ya tatu ni Timu Simon. Wamewahi kununiana kwa ajili ya wavulana ambao hawapo duniani, mpaka ikabidi mama zao wasuluhishe.

Mke wangu, ambaye huwa hajiingizi kwenye mambo ya kipuuzi, kwa hili alijiingiza na viatu vyake. Amemchagua Simon, na sababu anazo. Simon ana kisukari, na anajichoma insulini yake kwa wakati hata wakiwa mafichoni. "Kijana anayekumbuka sindano yake bila kukumbushwa," anasema, "huyo hata kodi ya nyumba atakumbuka." Alisema hivyo akinitazama mimi. Kuhusu Derek hataki kusikia. Mwanzoni mwa hadithi kuna mahali anamshika Chloe mkono kwa nguvu hadi unabaki na alama, na mke wangu alipofika hapo alifunga kitabu: "Hapa hakuna mapenzi, hapa kuna kesi ya serikali ya mtaa."

"Anti, hajui nguvu zake," mpwa akamtetea. "Halafu anajuta."

"Wote hujuta," mke wangu akajibu, na jiko zima likanyamaza.

Kwa hilo, nakiri, sikuwa na cha kunung'unikia. Ndiyo maoni pekee ya msimu huu yaliyonifanya nirudi kusoma ukurasa upya. Lakini naye, baada ya kufunga kitabu kwa hasira, alikifungua tena baada ya kuosha vyombo. Alisema anataka kuona kama yule kijana ataomba radhi vizuri.

Mniambie basi kuhusu miisho. Kitabu cha kwanza kinakwisha binti yuko mikononi mwa wabaya, hujui atatoka vipi, na hapo ndipo mwandishi anapokuambia kwaheri. Wasomaji wa wakati ule walisubiri karibu mwaka mzima kupata cha pili, na hadi leo wapo wanaonung'unika. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazetini, ambapo jambazi anainua bastola na chini yake imeandikwa "Itaendelea", tunawashangaa. Sisi tuliozoeshwa na filamu za nyumbani zilizouzwa vipande viwili, cha kwanza kikikatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, tunajua kwamba huo ndio utaratibu wa biashara. Hukatiwi pale ambapo hujali. Unakatiwa pale ambapo utarudi na hela.

Na kweli tulirudi na hela. Nilimpeleka mpwa kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini pale Posta. Tukakuta cha tatu. Cha pili hakipo. Muuzaji alikipangusa vumbi kwa kiganja, akaniambia kwa uhakika wa profesa: "Chukua tu hiki, mzee. Cha katikati huwa hakina kitu, ni safari tu." Nina hakika hakukisoma, lakini kwa miujiza ya mitaa yetu alikuwa amegusa lawama ileile ya wasomaji wengi. Katika The Awakening watoto wanakimbia. Chloe na Derek wanatengana na wenzao, wanapanda basi, wanashuka njiani kwa sababu mwili wa Derek umeanza kugeuka, wanatembea kwa miguu, wanalala porini. Wenye lawama wanasema hakuna kinachotokea. Hatimaye mpwa alikiazima kwa mtoto wa mwalimu, akakisoma usiku mmoja, akatangaza kwamba hicho ndicho kizuri kuliko vyote, kwa sababu ni safari tu. Watu wawili wanaachwa peke yao barabarani, wanalazimika kusemezana. Mengine yote ni milango na kufukuzana. Basi hapo utampa nani nyota? Kosa la kitabu kwa huyu ndilo sifa yake kwa yule, na wote wanapaza sauti.

Cha tatu nacho kina kesi. Mambo yote ya vitabu vitatu yanatokea ndani ya wiki chache, kwa hiyo wapo wanaouliza mapenzi hayo yameiva kwa moto gani. Wapo wanaolalamika kwamba Derek anapata na Simon anakosa; na kama mmekasirika nimewaambia, kitabu ni cha 2010, siri hiyo imeshaota mvi. Wapo wanaodai Edison Group wameachwa bila kumalizwa. Mwandishi akaanza vitatu vingine, Darkness Rising, 2011 mpaka 2013, vya watoto wengine kabisa wa Kisiwa cha Vancouver, na wale wa zamani hawaonekani vizuri hadi cha mwisho. "Anatula hela," mpwa alisema. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole sana kama Posta tunaweza kwenda tena Jumamosi.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alizisikia kelele hizi kupitia ukutani na akaja kutoa hukumu ya mwisho. Kwamba vijana wanahangaika na mizuka ya Marekani wakati Muhammed Said Abdulla alishatuandikia Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi na kutoka mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wakaifuatilia maiti ya humo kwa akili, bila mtu kugeuka mnyama. Kwamba Said Ahmed Mohamed naye alishatuletea Babu Alipofufuka mwaka 2001, mzuka wenye la kusema juu ya nchi. Alisema kweli, na nilimpigia makofi. Kisha akaomba The Summoning, "nikiangalie tu udhaifu wake." Baada ya muda akaja kuchukua cha pili, akiwa bado na mashaka. Cha tatu alimtuma mjukuu, usiku, mvua inanyesha.

Vimerudi juzi. Cha kwanza jalada limeachia gundi na limeshikwa na plasta ya kidonda. Cha pili, kile cha kuazima, kina duara la kikombe cha chai juu ya jina la mwandishi, na sijui nitamwambia nini mtoto wa mwalimu. Cha tatu kuanzia katikati kina madoa ya mchuzi wa nazi na mwiba mdogo wa samaki umelala kwenye mshono, kurasa zimekunjwa pembe mfululizo, na ule ukurasa wa busu umepinda kwa kufunguliwa mara nyingi. Nikamuuliza mwalimu ameonaje. Akakohoa. "Maandishi mepesi. Hayana kina."

Sawa. Kuanzia sasa mimi nyota sihesabu, nahesabu miiba. Mtu atakayenirudishia kitabu kikiwa kisafi, jalada limenyooka, hakuna hata tone la chai, huyo akiniambia hakukipenda nitamwamini. Mwalimu, wewe kaa kimya, au ulipie jalada.