Usiku wa Arsenal na Kioo Cheusi

Jumanne ya tarehe 26 Novemba 2024, sebule yetu hapa Shela, Malindi, ilipangwa kwa mpira tangu magharibi. Arsenal walikuwa Lisbon kucheza na Sporting, na Manchester City walikuwa kwao kuwapokea Feyenoord, mechi zote mbili za Ligi ya Mabingwa, saa tano usiku kwa saa zetu. Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe, ni Arsenal wa kufa na kupona. Shemeji yangu ni City. Ili pasiwe na ugomvi, baba watoto aliazima tivi ya jirani akaiweka kando ya yetu, kila moja na kisanduku chake cha kuleta chaneli kwa intaneti, kutoka kwa kijana mmoja wa mtaa wa Barani. Bimkubwa, mama mkwe wangu, alikuwa na zamu ya kwanza: tamthilia yake ya Kituruki, kisha rimoti waachiwe wanaume.

Tamthilia haikufika mwisho. Binti wa watu alikuwa ndiyo kwanza anafungua barua ya mchumba wake, picha ikaganda, kiduara kikazunguka, kioo kikawa cheusi.

"Ni mvua," Ami akasema. Mwanangu wa kwanza akafungua YouTube kwenye tivi ile ile, video zikacheza bila kusita, kwa hiyo intaneti ilikuwa nzima. Shemeji akashika kisanduku, akasema kimepata moto kupita kiasi. Tukawasha cha pili, nacho kikawa vile vile. Bimkubwa akataja husuda na kutuagiza tukachome ubani. Baba watoto akampigia yule kijana: simu inatumika, inatumika, kisha imezimwa.

Mwanangu husomea sheria Mombasa. Alikumbuka kwamba mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru kampuni za intaneti zizibe tovuti kadhaa zilizokuwa zikirusha mpira bila idhini, akadhani na sisi tumezibwa. Akaweka VPN, mawasiliano yakapitia nchi nyingine. Wapi! Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo mimi nililielewa mara moja: kitu kilichozibwa njiani hufikiwa kwa njia nyingine, lakini hiki chetu hakikuwepo tena huko mwisho wa njia.

Mechi tukazifuata kwa simu, matokeo yakija kwa maandishi. Ami aliona Arsenal 3-0 kufikia mapumziko, na mwisho 5-1, akapiga makofi mbele ya kioo kisicho na kitu. Shemeji naye aliona City 3-0 muda mfupi baada ya mapumziko, akaenda kulala na furaha yake. Alfajiri akakuta 3-3. Feyenoord walikuwa wamerudisha mabao yote matatu katika robo saa ya mwisho. Hakuamini mpaka msikitini alipokutana na wenzake wa City wenye nyuso kama yake, na siku nzima hakusema na Ami.

Asubuhi hiyo wifi yangu aliye Italia akatuma ujumbe wa sauti. Malindi na Italia tuna habari ndefu. Wataliano walifika Ngomeni miaka ya 1960 kurusha setilaiti, na mwaka 1967 jukwaa la San Marco likarusha ya kwanza kutoka bahari yetu. Baadaye wakaja watalii, wakajenga, wakaoa. Visanduku navyo vilifika mjini kwa mlango huo huo. Huko kwao huitwa pezzotto, na wifi aliviona majumbani kabla yetu.

Alisema polisi wa Italia, wakiongozwa na waendesha mashtaka wa Catania na kushirikiana na nchi kadhaa za Ulaya, walikuwa wamefanya msako mmoja mkubwa. Waliuita Taken Down. Watu 11 walikamatwa, mitambo ikatwaliwa. Kwa hesabu ya polisi, mtandao ule ulikuwa na watazamaji zaidi ya milioni 22 duniani, na mapato ya euro milioni 250 kwa mwezi.

Milioni 22! Bimkubwa aliomba ujumbe urudiwe. Alikuwa akidhani kijana wa Barani ndiye mwenye televisheni.

Kumbe mambo yanakwenda hivi. Mtu mahali fulani ana ving'amuzi halali vilivyolipiwa. Anaichukua picha humo, anaipeleka kwenye kompyuta kubwa za kukodi, na programu moja inashughulikia majina, nywila na tarehe za malipo. Chini yake wako wauzaji wa jumla, chini yao wauzaji wadogo wanaonunua salio na kuligawa nyumba kwa nyumba, kila mmoja kwa jina lake la biashara. Ukitazama madukani unaona huduma mia. Kwa kweli ni mabomba ya mtaa mzima yanayokunywa kutoka tangi moja. Septemba 2019 ilikuwa vivyo hivyo: Wataliano, pamoja na wenzao wa Ulaya, waliizima Xtream Codes, programu iliyotumiwa na maelfu ya wauzaji, na huduma zisizojuana zikanyamaza siku moja. Haina haja polisi wafike Malindi. Na polisi wasipofika, akaunti ya malipo inaweza kufungwa, au mwenye mtambo akakusanya ada za mwaka akapotea.

Zetu zilikuwa ada za mwaka. Nusu ilitoka kwenye mauzo ya vibibi vya Bimkubwa, vimkate vya mchele anavyoamka usiku kuvipika na kuvipanga uchagani kabla ya adhana, na hilo liliniuma kuliko mpira. Wa kumdai huna: hakuna risiti wala ofisi. Nasema wazi pia kwamba wanaoniambia wizi huu haumuumizi mtu sikubaliani nao, maana vijana wa pwani yetu wanaopiga filamu kwa kamera za kukopa hukuta kazi zao humo humo ndani ya visanduku, bila senti. Na wenye haki za mpira nao wajue kwamba mshahara wa mwalimu wa hapa haubebi bei za vifurushi vyao vikubwa.

Kijana alikuja mwezi uliofuata, amekonda. Salio alilonunua kwa fedha za mkopo lilizama na mtambo. Alikuwa na huduma mpya, jina jipya, chaneli zile zile, bei nafuu kwa wateja wa zamani.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye mtambo huu ni nani?"

Akatoa simu, akamwonyesha picha ya simba na namba ya ng'ambo.

"Umewahi kumsikia sauti?"

Hajawahi. Bimkubwa akamkaribisha chai, akamfungia na vibibi vya nyumbani kwao, lakini kisanduku alikirudisha mkononi mwake. Wiki hiyo baba watoto alinunua king'amuzi na kifurushi kidogo cha halali. Kina tamthilia, hakina Ligi ya Mabingwa. Siku za mechi hizo Ami na shemeji huenda kutazama ukumbini Maweni, wakatoa ada ya mlangoni.