Jinsi ya Kuvaa Hedifoni Saa Sita Mfululizo Bila Masikio Kulia

Ingia duka lolote la vifaa vya muziki Kariakoo, useme unataka hedifoni nzuri, na kijana wa dukani atakufanyia kile kile alichomfanyia mteja aliyekutangulia. Atakuvisha. Atafungua simu yake, atachagua singeli yenye besi ya kubomoa ukuta, atapandisha sauti hadi mwisho, kisha atakukodolea macho akingoja utabasamu. "Bosi wangu, isikie hiyo besi!" Utatabasamu, maana dakika ya kwanza kila mtu hutabasamu. Utalipa, utafungiwa boksi, utaondoka na furaha yako. Usiku huo, kabla albamu haijafika nusu, masikio yanawaka na utosi unauma.

Maneno haya ni kwa ajili ya msikilizaji wa masafa marefu: mpenzi wa taarab ambaye nyimbo zake hazina haraka, mtu wa rumba asiyekubali sebene ikatwe, mchanganyaji wa sauti studioni, mwanafunzi anayekesha na vitabu huku dansi la zamani likimsindikiza. "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, peke yake inavuka dakika 10. Msikilizaji wa namna hii akinunua besi amenunua nusu ya bidhaa. Kinachomfaa kwanza ni starehe ya kichwa, na starehe hiyo haijitokezi ndani ya dakika moja ya singeli.

Kwa hiyo anza kwa kuzima muziki. "Kaka, naomba niivae kwanza bila wimbo." Atakushangaa. Mwache ashangae, wewe omba kiti. Kaa robo saa nzima hedifoni ikiwa kichwani, ukipiga naye soga kama kawaida, ukigeuza shingo, ukitafuna karanga ikiwezekana, kwa sababu taya likicheza ndipo hedifoni inayobana vibaya hujitaja yenyewe. Ukiona haya, nenda siku ya kazi asubuhi mapema, duka likiwa bado tupu na kijana ana hamu ya mtu wa kuongea naye.

Wakati umekaa, fuatilia ncha za masikio yako. Hapo ndipo ununuzi mwingi huharibikia. Kuna hedifoni ambazo vikombe vyake hukalia sikio lenyewe, na kuna ambazo vikombe huzunguka sikio na kuegemea fuvu. Zile za kwanza hukandamiza gegedu, na gegedu lina subira ya saa moja hivi. Kwa kusikiliza kutwa, chukua za kuzunguka. Lakini kuzunguka kwa jina hakutoshi: kikombe kinaweza kuwa kipana na bado kikawa kifupi kwa ndani, sikio likawa linagusa kitambaa kilichofunika spika. Mguso huo mdogo hausikiki dukani. Baada ya wimbo wa nane umekuwa kidonda. Chomeka kidole ndani ya kikombe, pima kina, kisha linganisha na jinsi masikio yako yalivyochomoza. Kama yamechomoza, ni yako na ni mazuri. Tafuta kikombe cha kuyatosha.

Kisha uzito. Hedifoni nyingi za kuzunguka sikio ziko kati ya gramu 250 na 300, na hapo kichwa cha kawaida hakilalamiki. AirPods Max, zilizotoka mwaka 2020, zina gramu 385 hivi, na baadhi ya hedifoni za Audeze hupita gramu 500. Nusu kilo ya sukari ukiibeba mkononi kutoka dukani hadi nyumbani huioni kitu. Iweke utosini tangu magharibi hadi usiku wa manane, shingo itakusimulia. Uzito wenyewe si hukumu, maana upinde mpana wenye sponji nene husambaza mzigo, na mwembamba huukusanya sehemu moja katikati ya kichwa. Ukipitisha kidole chini ya upinde ukakuta plastiki tupu, rudisha kwenye rafu. Mfano mzuri wa akili katika jambo hili ni Koss Porta Pro ya mwaka 1984: ndogo, nyepesi, ina vijisponji vya kuegemea juu ya masikio ili mzigo usiishie masikioni peke yake. Inauzwa hadi leo, na siwezi kuwashangaa wanaoipenda.

Mbano ndio dada yake uzito. Hedifoni isiyobana huteleza ukiinama kuokota kalamu. Inayobana sana hukupa maumivu ya kichwa kabla ya adhana ya alasiri. Sennheiser HD 600, iliyoingia sokoni mwaka 1997 na kupendwa na watu wa studio, inajulikana kwa kubana ikiwa mpya na kulegea kadiri inavyovaliwa. Yenye upinde wa chuma unaweza kuisaidia kwa kuitanua juu ya rundo la vitabu lenye upana kidogo kuliko kichwa chako, ikalala hapo usiku mmoja. Ya plastiki tupu usiijaribu hivyo, itakatika.

Sasa joto. Miongozo mingi ya hedifoni huandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana hawalitaji. Mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja anaishi kwenye unyevu, na sponji zilizovikwa ngozi ya bandia hugeuka sauna ya masikio. Jasho likikusanyika, ngozi ile huanza kuchubuka, vipande vyeusi hubaki shavuni, na mtu anaingia ofisini akiwa na madoa asiyoyajua. Mimi nasimama na mahameli. Sponji ya kitambaa cha mahameli hupitisha hewa, hainati, na Beyerdynamic wamejenga jina lao kwa sehemu kubwa juu ya sponji hizo. Gharama yake ni kwamba besi hupungua kidogo na kelele za nje huingia zaidi. Nailipa gharama hiyo kwa moyo mweupe.

Ukiwa unasikiliza nyumbani peke yako, piga hatua moja mbele: nunua yenye vikombe vilivyo wazi nyuma. Sennheiser waliifungua njia hiyo mwaka 1968 kwa HD 414, ile yenye sponji za manjano. Hewa inapita, masikio yanapumua, na sauti haijifungii kichwani. Weka rekodi ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichozaliwa Unguja mwaka 1905, na utaweza kuonyesha kwa kidole udi ulipo na kanuni ilipo, fidla zikiwa zimejipanga pembeni. Ila usipande nayo daladala. Inavuja. Abiria wote hadi kondakta watajua umeachwa, na wimbo gani unakuliwaza.

Mwenye miwani aje dukani na miwani yake, kwa sababu kikombe hukandamiza mikono ya miwani dhidi ya fuvu na maumivu hukaa nyuma ya sikio. Sponji laini na nene huimeza mikono hiyo; ngumu huisukuma. Mwenye misuko asubiri siku ambayo kichwa kimesukwa, asijaribu akiwa na nywele fupi halafu Jumamosi upinde ukagoma kushuka. Anayevaa hijabu ajaribu na mtandio anaouvaa kila siku, upinde ukiwa juu ya kitambaa. Ukiteleza dukani, na nyumbani utateleza. Hereni zinazoning'inia zivuliwe.

Hedifoni ndogo za kuchomeka ndani ya sikio hazina mengi: jaribu saizi zote za mipira iliyomo kwenye boksi, kila sikio kivyake, kwani masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana. Zisafishe. Usiziazimishe.

Angalia pia namba ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. DT 990 Pro ya Beyerdynamic yenye omu 250 inapendeza kichwani, lakini ukiichomeka kwenye simu itanong'ona, nawe utahitaji kikuza sauti. Kwa simu, omu 32 zinatosha.

Kuna hatari moja inayoletwa na starehe yenyewe, nayo naitaja kwa dhati. Hedifoni inayouma hukulazimisha kuivua; isiyouma hukuacha ukisikiliza hadi alfajiri. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa hizo 40 zinashuka hadi 4. Anayesikiliza kwenye basi au karibu na jenereta hupandisha sauti ili kuishinda kelele, na huyo ndiye anayefaidika na hedifoni ya kufuta kelele, wazo alilolipata Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, akiwa ndani ya ndege mwaka 1978. Wapo wanaohisi masikio kama yameziba inapowashwa. Jaribu hilo pia ukiwa umekaa kwenye kile kiti.

Kabla hujatoa pesa, uliza swali la mwisho: "Sponji za kubadilisha zinapatikana?" Sponji huisha kabla ya spika, na zikishabonyea, sikio hugusa ndani na kazi yote ya kupima kina imepotea. Kama sponji zinatoka kwa mkono na duka linaweza kukuuzia jozi nyingine, lipa. Kama zimegundishwa kwa gundi, mshukuru kijana kwa kiti na soga, uvuke barabara uingie duka la pili.