Miiko na Kodi ya Miezi Sita

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 wakubwa wa chama tawala wakaketi Zanzibar, wakalegeza miiko hiyo. Mwaka uliofuata ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ikaikabidhi Tanzania shule yake ya Mazimbu, leo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanafunzi nao lazima walale mahali.

Mzee mmoja wa chama hapa mtaani, mwenye safu ya vyumba, hajakubali kulegezwa. Miiko yote anaikariri kwa sauti ya redio ya zamani huku akihesabu kodi ya miezi sita. Mahlangu, mpiganaji wa ANC ambaye kampasi ina jina lake, alinyongwa Pretoria mwaka 1979, akiwa na miaka 22. Msimamo ulimgharimu shingo. Wa mzee wetu haujamgharimu hata bati moja.

Binti wa mwaka wa kwanza akamuuliza, “Babu, na ule mwiko wa nyumba za kupangisha?”

“Mjukuu wangu, hizi ni za bibi yako.”

“Lakini Azimio lilimhesabu kiongozi pamoja na mkewe.”

Mzee akafikiri kidogo.

“Umeme na maji ni juu yako.”