Bwawa la Heshima

Hongera, bosi wa Mbezi Beach! Bwawa lako sasa lina rangi ya mchicha, na vyura wamehamia bila kulipa kodi. Juzi ukamwaga ndoo nzima ya klorini saa sita mchana, ukaalika mashemeji waje kuogelea. Basi ujue: pH ikifika 8, sehemu kubwa ya klorini hiyo huwa imelala, na iliyo macho huliwa na jua. Opoa majani kwanza, sugua kuta, shusha pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, tia dawa jioni, pampu na chujio vikeshe. Ukiona tabu, tangaza tu kwamba unafuga kambare. Mtaa tutakuelewa, mbu wako tumeshawazoea.