Jinsi ya Kuleta Mabadiliko Ofisini Bila Kumuuliza Mtu

Kwanza chagua saa. Ijumaa saa kumi na nusu jioni ndiyo yenyewe: watu wameshabeba mabegi, hakuna atakayeuliza swali. Barua ianze na "Kama mnavyofahamu," hata kama wanaofahamu ni wewe na mshauri mwelekezi tu. Taja "tija na ufanisi" mara tatu hivi. Usiseme tija ya nani.

Mafunzo ya mfumo mpya wa kompyuta yawe ya siku moja, hotelini, na nusu ya siku iende kwenye kumsubiri mgeni rasmi. Fulana zisikosekane. Ikifika zamu ya mfumo wenyewe, mtandao utakatika bila hata kuusaidia. Watu wale sambusa, wasaini posho, warudi kazini wakiwa wahitimu.

Sasa mtafute dada wa masijala. Kila ofisi anaye. Ukimtajia jina la mteja anainuka, anakwenda kabati la tatu, anarudi na faili kabla hujamaliza kuvuta kiti. Huyo ndiye wa kuanza naye. Mpe kompyuta na neno la siri lenye herufi kumi na mbili na alama ya mshangao, kisha mwagize aendelee kujaza na daftari lake, "kwa tahadhari". Kazi mara mbili, mshahara uleule. Makabati yafungwe. Mteja akija ataambiwa, "Mfumo uko chini baba, jaribu kesho." Daftari linaonyesha faili liko kabati la tatu, kabati la tatu lina kufuli, na ufunguo unao wewe, uko semina Arusha.

Kazi ikizorota, andika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wanapinga mabadiliko. Ila uepuke kabisa habari za kiwanda cha pajama cha Harwood, kule Virginia, Marekani, walizochapisha Lester Coch na John French mwaka 1948. Wapiga pasi wa pale walizoea kupanga pajama sita sita juu ya kipande cha kadibodi. Wakatangaziwa kwamba sasa zipangwe ndani ya boksi. Boksi tu, jamani! Uzalishaji ukashuka na kubaki huko chini, na asilimia 17 ya kundi hilo wakaacha kazi katika siku 40 za mwanzo. Yale makundi ambayo kila mtu alishirikishwa kupanga kazi mpya yalifika asilimia 14 juu ya kiwango chao cha zamani, wala hakuna aliyeondoka.

Mshauri wako atasema hayo ni ya zamani na ya pajama. Mkubalie, umeshamlipa.

Nawe msomaji unayefuatilia faili lako, njoo na kopi zako zote. Yule dada ameomba uhamisho, akapata. Daftari kaliacha mezani, ila mwandiko wake hakuna mwingine anayeweza kuusoma.