Nimelipia Nne

Hadi diski yangu mpya nimeinunua Kariakoo, Jumamosi, jua la saa saba, baada ya kuvutana bei na kijana ambaye muda wote alikuwa anaongea na simu yake. Boksi limeandikwa terabaiti 4. Risiti imeandikwa 4. Hela iliyonitoka ni ya 4. Nikaifikisha nyumbani, kompyuta ikasema hakuna kitu.

Hakuna kabisa. Na nilishahangaika: nimefungua mfuniko, nimetandika kanga ya mama watoto mezani ili vyuma visikwaruze meza, nimechomeka waya wa data na waya wa umeme, nimedondosha skrubu ndani nikaisaka kwa tochi ya simu kama mtu anayetafuta hereni uvunguni. Nikawasha. C ipo. D ipo, ambayo ni ile trei ya DVD isiyofunguka tangu kitinda mimba wetu ailishe biskuti. Mgeni haonekani.

Kumbe diski mpya ni kiwanja ambacho hakijapimwa. Kununua umenunua, lakini kuhamia bado. Sharti uingie kwenye programu ya kusimamia diski, uianzishe, uigawe vyumba, uifomati, uipe herufi. Herufi zenyewe zinaanzia C, kwa sababu A na B zilikuwa za diski laini, ambazo wanangu hawajawahi kuziona hata kwenye picha. Marehemu wamezikwa miaka mingi, foleni bado inawashikia nafasi.

Nikaingia. Kabla hata ya salamu naulizwa: MBR au GPT? Mimi kitu nisichokijua huchukua cha juu kwenye orodha. Nikabofya MBR. Ukatokea mstari uliokatwa vipande viwili: kimoja gigabaiti 2048, kingine gigabaiti 1678.02 chenye utepe mweusi juu yake kama tangazo la msiba. Nikabofya kile cheusi, kitufe cha kulia. Menyu ikafunguka, maneno yote ya kugawa vyumba yamepauka, hakuna hata moja linalobonyezeka. Basi, nimepigwa. Nikaitafuta risiti, nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia yule kijana wa simu.

Kijana wa jirani akanikuta nimefika kwenye matusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeibiwa."

Akainama kwenye kioo, akacheka kwa pua, kama wanavyocheka mafundi kompyuta wote. "Hujaibiwa, mzee. Umechagua MBR." Akanieleza kwamba huo ni mpangilio wa mwaka 1983. Namba zake za nyumba zina biti 32 tu, na kila nyumba ni baiti 512. Namba zikiisha zimeisha, na zinaishia terabaiti 2. Kwa hiyo nusu ya pili ya diski yangu ni mtaa ambao posta hawaujui.

Sawa, mwaka 1983 nani angewaza? Hadi diski ya kwanza kuingia sokoni, ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na uzito uliopita tani, na ndani yake ilibeba megabaiti 5 hivi. Hiyo ni picha moja ya simu yangu, tena ambayo shemeji kafumba macho. Nawasamehe. Lakini sasa kwa nini MBR wameiweka juu kwenye orodha?

Tukafuta, tukahamia GPT. Mstari ukaungana: gigabaiti 3726.02. Nikasubiri zilizobaki zije. Hazikuja. Kijana akasema kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, halafu wote wawili wanaita gigabaiti. Ajaribu muuza mchele wa Tandale kupima kwa kopo lake na wewe nyumbani uwe na kopo kubwa zaidi, uone kama soko litafungwa salama. "Ni hesabu tu, mzee." Hesabu tu, ila sijasikia hata siku moja diski iliyozidi.

Nikagawa vyumba vitatu: Kazi, Picha, Watoto. Programu inataka ukubwa kwa megabaiti. Cha Kazi nikakiandikia milioni moja, nikajisifu kwamba hiyo ni terabaiti kamili. Ikanipa gigabaiti 976.56. Safari hii nimejipunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Ikaja fomati. Kisanduku cha fomati ya haraka kilikuja na tiki yake tayari. Mimi nimelelewa na bibi, haraka haraka haina baraka, nikaiondoa. Kumbe fomati ndefu inaipitia diski yote ikiandika sifuri. Sifuri! Kitu kipya, kitupu, nakijaza utupu kwa umeme wa kununua! Asilimia zikatambaa. Saa tatu usiku zilikuwa 38, uniti zikaisha. Nilipowasha tena nikaiacha tiki yao palepale. Sekunde chache, kwisha. Bibi anisamehe huko aliko.

Mama watoto akaja kuulizia kanga yake. Ina doa la vumbi jeusi katikati, pale pale penye maneno. Hakusema kitu. Akatazama kioo, akasoma kwa kidole: Kazi, Picha, Watoto.

"Na mimi cha kwangu kiko wapi?"

Nikafungua tena ile programu, nikabofya Kazi, nikaanza kutafuta palipoandikwa punguza.